Kilichofichwa Groom Lake hakikutoka angani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze yaliyonikera katika makala ya toleo lenu la Jumapili iliyopita kuhusu kiwanja cha ndege cha Groom Lake, kilichoko katika jangwa la Nevada nchini Marekani, ambacho wengi wetu tunakifahamu kwa jina la Area 51, na ambamo makala hiyo inadai wanafugwa viumbe wa sayari nyingine. Nimekuwa msomaji wenu tangu enzi za gazeti kufika Tabora kwa treni likiwa limechelewa siku 2, na sijawahi kuwaandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza, kwa kuwa nilifanya kazi miaka 31 katika viwanja vidogo vya ndege vya mikoani, na makala yenu iliigusa kazi hiyo kwa namna ambayo mtu wa kazi hawezi kuipita.

Nianze na picha, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nivue miwani, niifute, kisha niivae tena. Chini yake mmeandika kwamba ni barabara ya kurukia ndege ya Groom Lake, lakini mwanzoni mwa barabara hiyo inasomeka wazi namba 07. Namba hizo hazipakwi rangi kwa kupenda tu. Ni kipimo cha dira kilichoondolewa tarakimu ya mwisho, kwa hiyo 07 maana yake ni kwamba ndege inayoondoka pale inaelekea digrii 70, karibu na mashariki, na upande wa pili wa barabara hiyohiyo lazima pawe na 25. Barabara kuu ya Groom Lake ni 14 na 32, yaani inalala kutoka kusini mashariki kwenda kaskazini magharibi, ikifuata bonde lilivyo. Hata zile njia zilizochorwa juu ya ziwa lenyewe lililokauka zinasomeka 09 na 27, au 03 na 21. Picha mliyoitoa, basi, ni ya kiwanja kingine, pengine cha abiria wa kawaida wanaosubiri mizigo yao, na mmewapa wasomaji wenu kiwanja cha watu wasio na hatia mkisema ndimo wanamofugwa viumbe wa sayari nyingine.

La pili nitalipita haraka. Mwandishi wenu anasema mabaki ya chombo kinachosemekana kilitoka angani na kuanguka Roswell yalipelekwa moja kwa moja kwenye kambi hiyo. Roswell iko New Mexico, si Nevada, na mkasa wake ni wa mwaka 1947. Mwaka huo hapakuwa na kambi Groom Lake, wala mlinzi, wala banda la kuegesha ndege. Palikuwa na ziwa kavu la chumvi, machimbo ya madini mlimani, na kipande cha njia ya kurukia ndege kilichoachwa na jeshi baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Kipande hicho cha njia ndicho nilichotaka kukizungumzia, kwani habari yake imo katika historia ambayo Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, liliiandika lenyewe. Mwezi Aprili 1955 watu 4 walipanda ndege ndogo kutafuta mahali pa faragha pa kujaribia ndege mpya ya upelelezi, U-2. Walikuwa Richard Bissell wa CIA, Kanali Osmund Ritland wa Jeshi la Anga, Kelly Johnson aliyekuwa mbunifu mkuu wa ndege wa kampuni ya Lockheed, na rubani Tony LeVier. Kutoka juu waliiona njia ile ya zamani kando ya ziwa, ikaonekana kama imewekwa lami. Wakabishana kama waishukie au la. Mwishowe LeVier akaamua kushuka juu ya ziwa lenyewe, kisha wote wakatembea kwa miguu kwenda kuikagua. Walikuta ni udongo ulioshindiliwa zamani, ambao kwa miaka zaidi ya 10 ya kutotumiwa ulikuwa umegeuka vumbi la kuzamisha mguu hadi kwenye kifundo. Lau wangeishukia, ndege ingepiga pua chini, na mradi mzima wa U-2 ungeishia hapo pamoja na wakuu wake.

Ndugu Mhariri, nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu, si kwa dhihaka bali kwa kutambua. Katika kiwanja kimoja cha changarawe nilichokihudumia, kabla ya ndege kushuka tulikuwa tunapita na Land Rover kwa kasi kutoka ncha hadi ncha, tukifukuza mbuzi na kusikiliza sauti ya matairi, kisha tunarudi kwa miguu tukikanyaga kwa kisigino kila mahali tulipopatilia shaka. Kisigino kikizama, tunatandaza msalaba mweupe kumwambia rubani asishuke. Mwaka mmoja, mwishoni mwa masika, fedha za mafuta ya gari zilikwama katika ofisi fulani ambayo sitaitaja, ukaguzi ukafanywa kwa macho tu kutoka kwenye kivuli cha mwembe, na ndege iliyobeba wauguzi na chanjo ikashuka mahali palipokauka juu lakini palikuwa tope chini yake. Gurudumu la mbele lilizama, panga la injini likapinda kama kijiko. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo sijaamini ardhi ninayoiona kutoka mbali, na ndiyo maana namheshimu LeVier kwa uamuzi ule kuliko kwa yote aliyoyafanya baadaye akiwa angani.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Bissell aligundua kuwa eneo lile halikuwamo ndani ya uwanja wa serikali wa kujaribia mabomu ya atomiki uliokuwa jirani, akaiomba Tume ya Nishati ya Atomiki iliongeze, na Rais Eisenhower akaridhia. Namba 51 ilikuwa ni ya ramani tu, kama kiwanja namba fulani kitalu fulani hapa kwetu. Johnson akapaita Paradise Ranch ili wafanyakazi wake wasiikatae safari ya jangwani, na mvua za milimani zilipolijaza ziwa maji, wakapaita Watertown. Kwa sababu ya maji hayohayo ilibidi wajenge barabara ya lami ya takribani mita 1,500, kwani ziwa kavu ni kiwanja kizuri mno hadi siku linapokumbuka kuwa ni ziwa.

Mwezi Julai 1955 ndege ya kwanza ililetwa ikiwa vipande vipande ndani ya ndege kubwa ya mizigo. Tarehe 1 Agosti LeVier alikuwa akiikimbiza tu juu ya ziwa kuzijaribu breki, ikanyanyuka bila yeye kukusudia. Mabawa yake yalikuwa marefu kiasi kwamba mwendo wa kilomita 130 kwa saa ulitosha kuipeperusha, na sakafu nyeupe ya ziwa haikuwa na alama yoyote ya kumwonyesha rubani kama yuko chini au yuko mita 10 juu. Alipoirudisha ardhini magurudumu yalipasuka na breki zikashika moto. Hivyo ndivyo kiwanja hicho kilivyozinduliwa, na sioni katika mwandishi wenu dalili ya kulijua hilo. Wala hakutaja kwamba Novemba mwaka huohuo ndege iliyokuwa ikipeleka watu kazini kutoka Burbank iligonga mlima Charleston karibu na Las Vegas, wakafa wote 14. Kwa miongo kadhaa familia zao hazikuambiwa marehemu walikuwa wakienda kufanya nini.

Kuhusu visahani vinavyoruka, maelezo ya CIA ni mepesi na mimi yananitosha. Ndege za abiria za miaka hiyo zilipita kati ya mita 3,000 na 6,000, ilhali U-2 ilipanda zaidi ya mita 18,000. Jua likishazama kwa rubani wa ndege ya abiria, kwake yeye tayari ni magharibi yenye giza, lakini kule juu bado linawaka, na mabawa ya U-2, ambayo mwanzoni yalikuwa ya rangi ya fedha, yaliakisi mwanga huo kama kioo. Rubani akiona moto unaoelea mahali ambapo kwa elimu yake hakuna ndege inayoweza kufika, afanyeje kama si kuandika taarifa? Maofisa walizilinganisha taarifa hizo na ratiba za safari za siri, wakajua jibu, lakini hawakuweza kumwambia mtu. Historia ya CIA inadai kwamba safari za U-2 na za ndege iliyoifuata zinaeleza zaidi ya nusu ya taarifa za vitu visivyojulikana angani tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1960. Wapo watafiti waliolipinga dai la nusu, na huenda wana hoja. Lakini namna jambo lilivyotokea haihitaji mgeni kutoka nyota yoyote.

Baada ya U-2 kilikuja chombo kizito zaidi cha upelelezi, ndege ya A-12, kilichoruka rasmi mara ya kwanza Aprili 1962 na ambacho lami ya zamani isingeweza kukibeba, hivyo mwaka 1960 ikajengwa barabara mpya ya zege ya takribani mita 2,600. Mwaka 1968 Wamarekani walijaribu hapo ndege ya kivita ya Kisovieti, MiG-21, waliyoipata kupitia Israeli baada ya rubani wa Irak kutoroka nayo, na mwishoni mwa 1977 ikaruka ndege ya kwanza ya majaribio ya kukwepa rada, iliyozaa ndege ya kivita ya F-117. Hayo yote leo yamo vitabuni. Anayetaka siri ana siri za kutosha hapo bila kuongeza chumvi, ingawa nakiri kwamba katika ziwa lile chumvi haikosekani.

Sasa nifike kwenye hasa kilichonifanya nishike kalamu. Katika ukurasa mzima wa makala yenu hamna hata sentensi moja inayomtaja mfanyakazi wa kiwanja hicho. Kila kiwanja cha ndege, kiwe cha siri au cha wazi, kinaendeshwa na mafundi, wapaka rangi, wazimamoto, wachomeleaji, wapishi na watu wa taka. Wa Groom Lake husafirishwa kutoka Las Vegas kwa ndege nyeupe zenye mstari mwekundu, wanaondoka asubuhi na kurudi jioni kama wengine wote, ila wakifika nyumbani hawaruhusiwi kusema walikuwa wapi. Mwaka 1994 baadhi yao, pamoja na wajane wawili wa wenzao waliokwisha kufariki, walilishitaki Jeshi la Anga na pia Wakala wa Marekani wa Hifadhi ya Mazingira. Walidai kwamba katika miaka ya 1980 kemikali na masalia ya vifaa vya ndege za siri yalikuwa yanachomwa hadharani ndani ya mashimo marefu yaliyochimbwa mchangani, kwamba moshi wake uliwafunika wakiwa kazini, na kwamba ngozi zao zilipasuka na kutoka magamba. Vipande vya miili yao vilipopimwa na wataalamu, vilikutwa na dayoksini na sumu nyingine kwa kiwango kikubwa.

Hawakuwa wakidai fedha. Wakili wao, Profesa Jonathan Turley wa Chuo Kikuu cha George Washington, alieleza kwamba walitaka kujua ni kitu gani hasa walichokivuta, ili daktari ajue anatibu nini. Ukikaa ukalitafakari ombi hilo utaona ni dogo kuliko madai ya kibarua yeyote anayefika ofisi ya kazi kuulizia posho yake. Ila wao walikutana na kikwazo ambacho sijawahi kukisikia kwingineko: serikali ilikataa kukubali jina la mahali walipofanya kazi. Mawakili wa serikali walishikilia kwamba kulitaja tu jina kungehatarisha usalama wa taifa. Wafanyakazi wenyewe waliitwa kwa majina ya bandia mahakamani, wakihofia kushitakiwa kwa kusema. Kijitabu cha maelekezo ya ulinzi kilichokuwa kimekwisha kuzagaa kikatangazwa kuwa siri baada ya kutumika kama ushahidi, na ofisi ya Profesa Turley pale chuoni ikafungwa kwa amri ya mahakama kwa sababu ya nyaraka zilizokuwamo.

Wakala wa mazingira ulikwenda kukagua, na hilo ni tunda la kesi ile ambalo halipaswi kudharauliwa, lakini matokeo yakabaki ndani. Tarehe 29 Septemba 1995 Rais Clinton alisaini waraka unaoisamehe kambi hiyo sharti lolote la sheria za taka ambalo lingelazimisha taarifa za siri kutolewa kwa watu wasioruhusiwa. Waraka wenyewe unalitaja eneo kuwa ni mahali pa shughuli za Jeshi la Anga karibu na Groom Lake, Nevada. Kwa hiyo mahali ambapo mbele ya hakimu hapakuwa na jina, mezani kwa rais palipata jina la kutosha kusamehewa. Mahakama ya Rufani iliikataa hoja ya wafanyakazi mwaka 1998, Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza, na marais waliofuata, wa chama hiki na kile, wakaendelea kuurudia msamaha huo mwaka baada ya mwaka.

Nisieleweke vibaya. Mimi mwenyewe niliapa kiapo cha kutunza siri nilipoajiriwa, na nilikitunza. Zilishuka ndege ambazo sikuandika abiria wake daftarini kwa sababu niliambiwa nisiandike, na sidhani kama nilikosea. Sioni ajabu taifa lolote kuficha umbo la ndege yake. Nisichokielewa ni kwa nini umbo la ndege likilindwa, pipa la rangi lililomwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa lilindwe nalo, na kwa nini mtu aliyesimama upande unakoelekea moshi aambiwe kwamba pale aliposimama hapajulikani. Mtu wa kiwanja cha ndege hujua upepo unavuma kutoka wapi kila dakika ya zamu yake, kwa kuwa ule mfuko wa kitambaa mlingotini uko mbele ya macho yake siku nzima. Watu wale walijua vizuri moshi ulikokuwa unakwenda.

Majirani nao wana yao. Mwaka 1957, majaribio ya atomiki yalipokuwa yanafanyika ng'ambo ya vilima, kambi yenyewe ililazimika kuhamwa kwa sababu vumbi la mabomu lilikuwa linaelekea huko. Familia iliyomiliki machimbo pale mlimani tangu karne ya 19 ilibaki inaishi chini ya vumbi hilohilo, na mwaka 2015 Jeshi la Anga likaitwaa ardhi yao baada ya wao kukataa fidia ya dola milioni 5.2. Hata vilima viwili ambavyo watazamaji walikuwa wanavipanda kuchungulia kambi kwa darubini vilifungwa mwaka 1995, ekari karibu 4,000.

Wakati haya yakiendelea, masikio ya dunia yalikuwa kwingine. Mwaka 1989 mtu mmoja alijitokeza katika televisheni ya Las Vegas akidai kwamba alifanya kazi kwenye vyombo vilivyotoka sayari nyingine jirani na hapo, na tangu hapo hadithi haijapata breki. Serikali ya jimbo ikaibatiza barabara namba 375 jina la Barabara Kuu ya Viumbe wa Anga mwaka 1996, ikavuna watalii. Mwezi Agosti 2013, kutokana na ombi ambalo mtafiti Jeffrey Richelson alilipeleka mwaka 2005, CIA ilitoa historia ile bila kulifuta jina la eneo. Wengi waliisoma kutafuta visahani, wakakosa, wakaitupa. Miaka sita baadaye watu zaidi ya milioni 2 walibofya kwenye mtandao wakisema watakwenda kuivamia kambi, na siku ilipofika waliofika getini hawakuzidi mia chache, wakapiga picha na walinzi. Hapa kwetu video zao zilizunguka katika makundi ya WhatsApp hadi mjukuu wangu akaniuliza kama ni kweli. Sijapata kuona video hata moja iliyozunguka namna hiyo ikiwahusu wale wajane.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu ni kwamba mtoe makala ya pili, hata kama ni nusu ya ukubwa wa ile ya kwanza, inayoeleza kesi ya wafanyakazi hao tangu ilipofunguliwa hadi ilipozimwa. Hukumu ya Mahakama ya Rufani ni ya wazi na waraka wa rais ni wa wazi. Kama mwandishi wenu anaona habari hiyo haina mvuto, basi azungumze na yeyote kati ya wasomaji wenu aliyewahi kufanya kazi mgodini au kiwandani bila kuambiwa kilichokuwamo ndani ya pipa, kisha aamue.

Kuhusu picha, zipo za setilaiti ambazo mtu yeyote anaweza kuzitazama, na namba zinasomeka ukizisogeza karibu. Nimeambatisha na barua hii mchoro mdogo wa penseli unaoonyesha jinsi ya kuzisoma kwa kutumia dira, ili mhariri wenu wa picha asipate taabu siku nyingine.

Msomaji wenu,
Mstaafu wa viwanja vya ndege,
Tabora.